Kifurushi Kilichofunguliwa Masijala

Rukaiya hakugusa juisi. Bilauri ya ukwaju aliyowekewa ilikuwa pale pale kwenye kimeza, na mwenyewe kajiinamia, anavuta ncha ya mtandio wake kama mtu aliyekuja kutoa taazia asijue aanzie wapi. Bahiya alishatambua kwamba kuna jambo. Mwanamke anayetaka kumwoza mwanawe binti yako hafungi safari kutoka Bububu mpaka Mji Mkongwe, saa nne ya asubuhi, siku ya kazi, kuja kukutazama uso tu.

"Kunywa basi, Bi Rukaiya. Au sukari imezidi?"

"Sikuja kunywa, dada. Nimetoroka kazini." Akageuka kutazama mlango. "Lamya yupo?"

"Kenda skuli. Anasomesha mpaka saa saba."

"Afadhali."

Bahiya akasogea karibu yake.

Rukaiya alikuwa mkuu wa masijala katika Shirika lile lile alilofanya kazi Khelef, mume wa Bahiya. Shirika lilikuwa kubwa, lina idara kila pembe ya Unguja, lakini barua zake zote ziliingilia tundu moja, nalo ni dirisha la Rukaiya. Kila kilichokuja kwa sanduku la posta la Shirika alikifungua yeye, akakigonga muhuri, akakitia jaladani. Wafanyakazi nao, kwa kuwa hawana masanduku yao, walipokea mambo yao yote kwa sanduku hilo hilo: barua za ndugu walioko Maskati, kadi za Idi, hata dawa za pumu. Rukaiya alifungua yote. Watu walishazoea kupokea siri zao zimegongwa muhuri, wala hakuna aliyeona kwamba ni vibaya, kwani ndivyo walivyokuta.

"Jana kimekuja kifurushi kutoka Ulaya," alisema Rukaiya. "Kina jina la mumeo, na chini yake 'Kitengo cha Kompyuta'. Nikakifungua kama kawaida. Dada, nilitamani ardhi ipasuke inimeze."

"Kina nini?"

"Sidii. Kumi nzima, kila moja na bahasha yake ya karatasi ngumu. Na juu ya bahasha..." Akajifunika mdomo kwa mtandio. "Vijana, wanaume kwa wanawake, wamekumbatiana, wanacheka. Hawana nguo, wallahi! Mpaka hapa." Akajigusa juu ya kifua. "Na hapa picha imekatwa. Huko chini sijui mna nini."

Bahiya alisikia masikio yanamuwaka. Alitazama mkeka, akatazama dirisha, akatafuta pahala pa kuweka macho yake asipaone.

"Nikampelekea Afisa Utumishi, naye akampelekea Katibu. Sasa hivi Khelef kaitwa ndani. Mimi nimekukimbilia wewe kwa sababu ya watoto. Mwanangu Basil mwenyewe hana neno, anampenda Lamya. Lakini ami zake unawajua. Hili likiwafikia, na litawafikia, watasema nyumba ile hatuoi. Mimi nataka niwe na la kuwajibu. Nataka niwaambie kwamba mama na mtoto hawamo."

Palikuwa na maneno mepesi ya kusema hapo, na mtu yeyote angeyasema: ngoja kwanza nimuulize mwenyewe. Bahiya aliyajua. Ila alimfikiria Lamya, mwaka wa ishirini na sita, posa ya kwanza imevunjika kwa mambo yasiyoeleweka, na hii ya pili imebakisha kutajwa siku tu. Akaona kwamba akimngoja Khelef, mlango utakuwa ushafungwa.

"Hatumo," alisema. "Miye na mwanangu hatulijui jambo hili. Kama kayaleta, kayaleta mwenyewe. Siku hizi anachelewa kurudi, hujifungia huko kazini na hiyo kompyuta yake, ukimuuliza anakwambia hutofahamu. Nnajua nini mimi anachotazama? Mwanangu msimtie katika dhambi za babake."

Rukaiya aliitikia kwa kichwa, polepole, kama aliyepewa alichokifuata. Ndipo aliponyanyua bilauri akanywa.

Khelef alirudi kabla ya adhuhuri, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alivua viatu mlangoni, akaviweka sawa, akaja akakaa.

"Nimeambiwa nikae nyumbani mpaka kamati ya nidhamu ikutane."

"Kwa lipi?" aliuliza Bahiya, na akaona haya jinsi sauti yake ilivyoweza kujifanya haijui.

"Nimeagiza programu za kompyuta, wanadhani nimeagiza uchafu." Alijaribu kucheka, kicheko kikamkatikia njiani. "Kompyuta za kazini unazijua ninavyozilalamikia. Programu zote zilizomo ni za kunakili, za wizi, zimejaa virusi mpaka hesabu za mishahara zinapotea. Nikaandika kuomba za kununua. Jalada limezunguka miaka, kila meza linaandikwa 'tafadhali shughulikia', likarudi kwangu mimi nishughulikie. Basi nikasoma kwenye intaneti kwamba kuna watu wanatengeneza programu wanazigawa bure. Ukiomba wanakuletea mpaka posta, gharama juu yao. Nikaomba. Nikaandika anwani ya kazini. Nna anwani gani nyengine?"

"Na hizo picha?"

Khelef alinyanyua uso. "Sijakwambia kama kuna picha."

"Mji huu," alisema Bahiya haraka, "habari hukaa?"

Alimtazama kidogo, kisha akayaacha. "Ile ni alama yao tu. Watu wa kila rangi wameshikana, maana yake programu ni ya watu wote. Kwao mabega si kitu."

"Lakini nani, Khelef, atoe kitu bure, akilipie na stempu?"

"Nyumba hii tunayokaa ni ya nani?"

"Ya wakfu."

"Aliyeiweka wakfu unamjua?"

"Simjui. Alikufa zamani."

"Basi na hao mimi siwajui. Wametengeneza, wakashurutisha kila atakaye atumie, amgaie na mwenzake, na asitokee mtu akajifungia peke yake. Ndiyo habari yote."

Bahiya alifahamu pale pale. Hakuhitaji kuelezwa mara ya pili, na hilo ndilo lililomuumiza: jambo ambalo mumewe angemueleza kwa maneno mawili, yeye alikwenda kumhukumia kwa mtu mwengine, tena bila ya kuulizwa sana. Alitaka kumwambia. Alifungua kinywa, kisha akakumbuka mchuzi uko motoni, akenda jikoni akaukoroga mchuzi ambao haukuwa na haja ya kukorogwa.

Habari zilienea kama zinavyoenea katika mitaa ambayo dirisha lako linatazamana na la jirani. Mwamvua wa ghorofa ya chini, ambaye binti yake alikuwa akija kila baada ya alasiri kufunzwa kompyuta na Khelef, alileta ujumbe kwamba mtoto kichwa kinamuuma. Kichwa kikamuuma na siku ya pili, na ya tatu. Msikitini watu walimpa Khelef mkono kwa ncha za vidole. Kwenye baraza ya kona, vijana waliokuwa wakimwamkia "Shikamoo, Mwalimu," sasa walingoja apite kisha mmoja akamwita kwa sauti ya chini, "Mzee Khelef, na siye tuazime moja basi. Tutarudisha." Wenzake wakacheka mpaka wakalala juu ya baraza.

Bahiya aliyasikia hayo kwa masikio yake, kwani alikuwa nyuma ya mumewe na kikapu cha sokoni. Khelef hakugeuka. Aliongeza mwendo kidogo tu, shingo imeingia mabegani. Mkewe akamwona kwa nyuma, mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, anakimbia watoto aliowafunza kuandika majina yao kwenye kompyuta.

Lamya ndiye aliyeuliza waziwazi. "Mama, ni kweli?"

"Si kweli. Babako hana kosa hata chembe."

"Basi kwa nini hatuwaambii kina Basil?"

"Tutawaambia kamati ikimaliza."

"Wewe Bi Rukaiya si umezungumza naye? Umemwambia nini?"

"Nimemwambia angoje," alijibu Bahiya, na huo ukawa uongo wa pili.

Mara mbili alivaa buibui kwenda Bububu kuyafuta maneno yake, na mara mbili akalivua. Kuyafuta ilikuwa kumpokonya Rukaiya jawabu alilowapa ami, na jawabu lile ndilo lililoishikilia posa ya Lamya. Akajiambia kwamba maneno yale yamebaki baina ya wanawake wawili, na kwamba kamati ikimaliza yatakufa yenyewe. Mtu akiwa na haja, hujisadiki upesi.

Kamati nayo haikumaliza. Ilikutana, ikanywa chai, ikatawanyika. Tatizo lilikuwa moja nalo halikuwa na dawa: kujua kilichomo ndani ya sidii ni lazima zitazamwe, na nani atazame? Mjumbe mmoja alisema mwenye kutazama na mwenye kuleta dhambi yao moja. Mwengine alisema yeye ana udhu. Afisa Utumishi alisema kazi hiyo haimo katika waraka wake wa majukumu. Khelef aliandika kuomba azifungue mwenyewe mbele yao, akajibiwa kwa barua yenye muhuri kwamba mfanyakazi aliyesimamishwa haruhusiwi kugusa chombo chochote cha Shirika. Kusimamishwa kusingeondoshwa mpaka kamati imalize, na kamati isingemaliza mpaka mtu atazame.

"Wanakuogopa?" aliuliza Bahiya.

"Wanaogopana. Kila mmoja anachelea kusemwa kwamba alikuwa na hamu."

Siku ya mkutano wa tatu Khelef aliitwa, akarudi mchana, na kabla hajafika ghorofani Bahiya alimsikia akipanda ngazi kwa haraka. Aliingia hakuvua viatu.

"Yamekwisha!"

"Alhamdulillahi! Yamekwisha vipi?"

Alikaa chini, akapiga mkeka kwa kiganja, akaomba maji, na asiyanywe kwa kutaka kuhadithia. Lamya alitoka chumbani akaja kukaa karibu ya babake.

"Mzee Nahodha unamjua, yule wa bohari, karibu anastaafu? Kainuka kasema, 'Mimi nishahiji, nna wajukuu, na macho yenyewe hayaoni vizuri. Nitakaa mimi kwenye kiti. Khelef asiguse kitu, asimame pale aniambie nibonye wapi.' Basi mimi nimesimama kwa nyuma, mikono mgongoni kama mshitakiwa. Namwambia, 'Mzee, tia sidii.' Anaitia kichwa chini. 'Igeuze, mzee.' Anaigeuza. 'Zima, washa tena.' Na wajumbe? Wale wenye udhu? Kila mmoja kasogeza kiti mbele!"

Lamya alishaanza kucheka.

"Kioo kikawa cheusi. Yakaja maandishi, mistari na mistari, inapanda juu. Hata feni ya dari unaisikia. Kisha pakatoka rangi ya udongo, kioo kizima, basi. Mzee Nahodha anauliza, 'Sasa?' Nikamwambia, 'Bonya pale, mzee, hapo pa kuandikia barua.' Ikafunguka karatasi nyeupe. 'Bonya hapa, pa mahesabu.' Ikafunguka miraba. 'Bonya pale.' Ikatoka karata. Akacheza karata! Na mjumbe mmoja nyuma yangu, simtaji jina, akauliza kwa masikitiko kabisa, 'Ndo hayo tu?'"

Wote watatu walicheka. Bahiya alicheka mpaka akajishika mbavu, na alipokuwa akicheka alihisi kitu kizito kinamtoka kifuani, akaamini kwamba ndiyo mwisho wake.

"Na mumesikia kubwa zaidi?" alisema Khelef, akifuta machozi. "Walipohesabu sidii za kurejesha, ziko tisa. Bahasha moja tupu! Mtu kaiba, kenda nayo kwake usiku kuitazama. Maskini, amekesha na karata."

Hawakumwomba radhi, wala barua ya kumsafisha haikutoka, kwani barua ya kumsafisha ingebidi itaje alichotuhumiwa. Aliambiwa tu arudi kazini. Katibu hata akamruhusu aziweke programu zile katika kompyuta za Shirika. Hapo likazuka jengine: mhasibu akasema kisicho na bei hakipokelewi bohari, na kisichopokelewa bohari hakiwezi kutoka kwenda idarani. Programu ya bure ikawa haina njia ya kuingia. Mzee Nahodha ndiye aliyewapatia neno la kuandika, "majaribio", na kwa jina hilo Khelef akaanza kuziweka, kompyuta moja moja. Ya kwanza ilikuwa ya masijala, kwa Rukaiya, kwa sababu ndiyo iliyokuwa mgonjwa kuliko zote.

Majuma machache baadaye, wanawake wa Bububu walikuja Ijumaa baada ya sala, na kanga mpya na halua, kutaja siku ya harusi. Nyumba ilijaa udi. Mwamvua wa chini alipanda bila ya kualikwa, akabeba sinia za visheti kama ndugu wa damu, na binti yake yuko nyuma yake, kichwa kimepona. Bahiya alimpokea. Hakuwa na uso wa kumlaumu mtu.

Rukaiya alimfuata jikoni alipokwenda kutia kahawa kwenye dele. Alikuwa mchangamfu, mikono ina hina.

"Dada, programu ya mumeo nzuri! Jalada nalitafuta, naliona papo hapo. Na mimi nilivyoona haya siku ya kwanza kumtazama! Nikamwambia, 'Bwana Khelef, niwie radhi, ni mimi niliyekifungua.' Akaniambia, 'Umefanya kazi yako, bibi.' Mumeo ni mtu. Watu wa namna ile hawapo tena."

"Alhamdulillahi," alisema Bahiya, akitafuta vikombe.

"Hasa siku ile ya kamati. Mimi ndiye niliyepeleka kifurushi, nikaambiwa nisimame mlangoni ningoje. Kabla hawajatazama kitu, Katibu akamwambia, 'Bwana, usitupotezee wakati. Mkeo mwenyewe kashasema.' Akamsomea."

Bahiya alikuwa ameshika vikombe viwili. Aliviweka chini. "Akamsomea nini?"

"Maneno yako. Kwamba hujifungia na kompyuta, kwamba nyumbani hamjui anachotazama, na mtoto asitiwe katika dhambi zake. Yote."

"Katibu kayajuaje?"

"Si mimi nliyemwambia?" Rukaiya alishangaa. "Nilikuwa nnakuteteeni! Nilitaka iandikwe kwamba nyinyi hammo. Si ndivyo tulivyokubaliana?"

Kutoka ukumbini vigelegele vilipanda. Siku ilikuwa imetajwa. Bahiya hakuvisikia vizuri. "Na yeye? Khelef alisema nini?"

"Hakupandisha sauti. Mimi nilidhani atahamaki, mwanamume kusomewa maneno ya mkewe mbele za watu. Wajumbe wameinama, hata wao wanaona haya. Kisha akasema, 'Mke wangu si muongo. Atakuwa kasema kwa vile alivyoelezwa. Ninakuombeni jina lake mlitoe humo.' Basi. Hapo ndipo Mzee Nahodha alipoinuka akasema atakaa yeye kwenye kiti." Rukaiya alichukua sinia ya vikombe. "Hakukwambia?"

"Aliniambia," alisema Bahiya.

Wageni walipoondoka jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa. Lamya alikuwa chumbani, anaimba huku akizikunja kanga. Khelef alikaa dirishani na kofia yake magotini, anatazama watu wakipita kwenye uchochoro. Vijana wa baraza ya kona walimwamkia kutoka chini, na yeye akawaitikia marahaba, bila ya kinyongo.

Bahiya alimletea chai. Alisimama mbele yake nayo. Alikuwa akiyahesabu yale majuma kichwani mwake: kila siku aliyokula chakula chake akamshukuru, kila asubuhi aliyomuaga, ule mchana aliopiga mkeka kwa kiganja na kuwachekesha yeye na mwanawe, akihadithia kila kitu kilichotokea katika chumba kile, na kuruka pahala pamoja tu. Khelef alijua tangu wakati ule. Alipanda ngazi zile kwa haraka na huku anajua.

"Lamya kafurahi?" aliuliza Khelef.

"Kafurahi."

"Basi."

"Khelef," alisema. "Niwie radhi."

Alimgeuzia uso. Ulikuwa uso wa siku zote, ila macho yalikuwa yanamwomba, kwa adabu kabisa, asiendelee.

"Kwa lipi?"

Maneno aliyoweza kuyasema mbele ya mgeni, asubuhi moja, kwa bilauri ya juisi, sasa hakuweza kuyatamka mbele ya mumewe. Alimnyooshea kikombe na kisahani chake.

"Chai," alisema Bahiya. "Nimekuchelewesha. Imeshapoa."

Khelef alikipokea kikombe kwa mikono miwili. Chai ilikuwa bado inatoka moshi. Akanywa funda moja, akaitazama.

"Hapana neno," alisema. "Nshakuwia radhi zamani."